Mjumbe na Aliyemtuma

Wahenga walisema mjumbe hauawi. Walikuwa wakifikiria zama ambazo mtu alitumwa na mkubwa mmoja kwenda kwa mkubwa mwingine, akiwa na maneno makali mdomoni, na aliyeyasikia akapandwa na hasira akataka kumkata kichwa aliyeyaleta. Busara ikamzuia: huyu katumwa tu, mwenye maneno yuko kwake. Mimi nimeishi hapa Chanzuru miaka mingi. Nimelima, nimefundisha, na kwa kipindi fulani nimekaa barazani kuamua kesi za watu. Niliyoyaona ni kinyume cha methali hiyo. Mjumbe ndiye anayeuawa. Aliyemtuma huhamishwa wilaya.

Msomaji wangu, kabla sijawasema wengine, hebu nianze na deni langu mwenyewe.

Ilikuwa mwaka 1994. Wakati huo kila mtu mzima alidaiwa kodi ya maendeleo, ile iliyozoeleka kwa jina la kodi ya kichwa, na ambayo ilikuja kufutwa mwaka 2003. Ukifika msimu wa kuikusanya, mgambo walitoka kabla jogoo hajawika. Wanaume wengi wa Kilosa walilala mashambani siku hizo, wengine katikati ya mkonge, wakirudi majumbani jua likishapanda. Katika kata moja ya wilaya yetu, ambayo sitaitaja, mtendaji aliwakusanya mgambo wake usiku akawaambia kwamba atakayerudi mikono mitupu asirudi kabisa. Kijana mmoja wa miaka ishirini na ushee akaenda, akamkuta mkulima nyumbani kwake, wakavutana, rungu likashuka, mkono wa mkulima ukavunjika.

Kesi ililetwa mahakama ya mwanzo nilikokuwa mmoja wa wazee wawili wa baraza. Anayejua utaratibu wa mahakama hizo wakati ule anajua kwamba mzee wa baraza hakuwa pambo. Kura yake ilikuwa sawa na ya hakimu, na uamuzi ulikuwa wa walio wengi. Kijana aliposimama kujitetea alisema neno moja: "Nilitumwa." Hakimu akamwuliza, "Ulitumwa umvunje mkono?" Kijana akanyamaza. Nami nikaona hoja imekwisha. Tukamfunga miezi tisa, sote watatu kwa kauli moja. Mtendaji hakuitwa hata kuwa shahidi. Baada ya miezi michache alihamishiwa tarafa nyingine.

Mwaka uliofuata nilikutana na yule kijana gulioni. Aliniamkia kwa adabu: "Shikamoo, mwalimu." Nikaitikia marahaba, nikiwa na haya kidogo. Kisha akaniuliza, bila ukali wowote, kama mtu aulizaye bei ya mahindi: "Mwalimu, na yule aliyenituma, yeye mlimpangia gereza gani?"

Sikuwa na jibu. Haya ninayoyaandika ni jaribio la kulitafuta, ingawa nimechelewa.

Jambo la kwanza nililofanya nilipostaafu ni kuisoma sheria yenyewe, maana nilidhani kosa ni lake. Nilidhani nitakuta sheria isiyomjua mtumaji. Sikukuta hivyo. Kanuni ya Adhabu, sura ya 16, tuliyorithi kutoka kwa Waingereza, ina kifungu cha 22 kinachosema waziwazi kwamba mkosaji si yule tu aliyetenda kwa mkono wake, bali pia aliyesaidia, aliyeshawishi na aliyemfanya mwingine atende. Kifungu cha 96 kinamhusu mtumishi wa umma hasa: kinamtia hatiani yule ambaye, kwa kutumia vibaya mamlaka ya kazi yake, anatenda au anaamuru litendwe jambo la uonevu linalodhuru haki ya mtu mwingine. Anatenda au anaamuru litendwe. Maneno hayo yalikuwapo siku ile tulipokaa barazani. Swali la hakimu wetu halikuwa baya, ila liliishia njiani. Alimwuliza kijana kama alitumwa kuvunja mkono. Ilibaki kuuliza: aliyekutuma alikuambia nini, na alijua nini kuhusu mgambo waliotangulia kutumwa namna hiyo? Hilo nililiacha mimi, na mwenzangu, na hakimu.

Kwa hiyo lawama yangu haiendi kwa maandishi ya sheria. Inakwenda kwa namna tunavyoyasoma. Tumezoea kutafuta mkono. Rungu lina mkono, risasi ina mkono, saini ina mkono. Ofisi haina mkono. Kazi yote ya ofisi ni kutenda kwa mikono ya wengine, na kadiri mtu anavyopanda ngazi ndivyo mikono yake inavyozidi kuwa safi. Mahakama inayotafuta mkono tu itawapata walio chini, daima, hata kama mahakimu wake ni waadilifu kama malaika.

Hebu tuitazame kesi moja inayotugusa sisi wa Morogoro. Januari 2006 wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge, mkoani kwetu, walikwenda Dar es Salaam. Wao na dereva wa teksi waliyokuwa wameipanda walikamatwa na polisi, na tarehe 14 Januari wakauawa kwa risasi katika msitu wa Pande, nje ya jiji. Taarifa ya kwanza ya polisi ilisema ni majambazi waliokufa katika mapambano. Ndugu zao hawakukubali, kelele zikapigwa, na Rais Jakaya Kikwete akaunda tume chini ya Jaji Musa Kipenka. Baada ya tume, maofisa na askari kadhaa walishitakiwa kwa mauaji, akiwamo Abdallah Zombe, aliyekuwa mkuu wa upelelezi wa mkoa wa Dar es Salaam.

Tarehe 17 Agosti 2009 Jaji Salum Massati wa Mahakama Kuu aliwaachia huru wote waliokuwa wamebaki kizimbani. Askari aliyetajwa kuwa ndiye aliyefyatua risasi alikuwa ametoroka, hakupata kuonekana mahakamani. Upande wa mashitaka ukakata rufaa, na Septemba 2016 Mahakama ya Rufani ikamtia hatiani mtu mmoja tu, Christopher Bageni, aliyekuwa ofisa wa polisi wa ngazi ya kati na ambaye alikuwako Pande. Akahukumiwa kunyongwa. Zombe na wengine wakabaki huru.

Naomba nieleweke vizuri. Simwiti Zombe mkosaji. Mahakama mbili zimemwachia, na mtu aliyeachiwa na mahakama yu huru; mimi niliyemfunga kijana wa watu bila kuuliza maswali yote sina kiburi cha kusema vinginevyo. Hukumu ya mauaji yataka ushahidi usioacha shaka, na ni heri iwe hivyo. Ninachokosoa ni mlango uliochaguliwa. Shitaka lilikuwa moja, mauaji, na shitaka hilo ni jembe la kuchimbia shina: linauliza nani aliua, na nani alikuwa na nia moja na muuaji. Halikuundwa kuuliza maswali ya ofisi. Nani alipitisha taarifa ya uongo kwamba ni majambazi? Nani alipaswa kuikagua kabla haijasomwa kwa taifa? Askari walijifunza wapi kwamba mtu aliyekamatwa anaweza kupelekwa msituni badala ya kituoni? Maswali hayo ni ya jinai pia, lakini yalihitaji mashitaka yake yenyewe. Yalipofungwa yote ndani ya neno moja, neno hilo liliposhindwa yalikwenda nalo. Watu wanne walikufa mikononi mwa dola, na miaka kumi na zaidi baadaye jibu la dola likawa ofisa mmoja na mwingine asiyeonekana.

Mfano wa karibu zaidi na sisi wa vijijini ni ule wa Lengai Ole Sabaya, aliyekuwa Mkuu wa Wilaya ya Hai. Oktoba 2021 alihukumiwa kifungo cha miaka 30 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha. Mei 2022 Mahakama Kuu ikaifuta hukumu hiyo akaachiwa. Hapa napo sibishani na uamuzi. Naangalia jina la shitaka. Unyang'anyi wa silaha ni kosa la mtu yeyote mwenye bunduki. Swali ambalo raia wa wilaya yoyote angependa lisikilizwe ni jingine: mamlaka ya ukuu wa wilaya yanaishia wapi? Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 inampa mkuu wa wilaya uwezo wa kuamuru mtu awekwe ndani hadi saa 48. Sisi huku tunazijua saa hizo 48. Zimewakuta walimu, wauguzi, wenyeviti wa vijiji, wengine kwa kujibu tu mkutanoni. Ni mara chache sana swali la matumizi yake kufika kizimbani kama kosa la kiongozi.

Je, tumewahi kupanda ngazi? Tumewahi. Mwaka 1976, katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, watu walikamatwa katika msako wa mauaji yaliyokuwa yakitokea huko, wakateswa mikononi mwa maofisa wa serikali, na baadhi wakafa. Januari 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, akajiuzulu. Hakumtesa mtu, wala hakuna aliyedai kwamba aliamuru. Alikubali kwamba wizara ni yake. Na maofisa wa polisi na usalama nao hawakuachwa: baadhi walishitakiwa na wakafungwa. Ndiyo maana naiona kesi hiyo kuwa bora kuliko zilizofuata. Kila ngazi iliulizwa swali lake. Waliotesa waliulizwa na mahakama, na aliyewasimamia kwa mbali aliulizwa na dhamiri yake na Rais wake. Tena kujiuzulu hakukumzika Mwinyi: mwaka 1984 akawa Rais wa Zanzibar, na mwaka 1985 Rais wa Muungano. Wanaodai kwamba kiongozi akikubali kuwajibika amekwisha, wautazame mfano huo.

Tena tumewahi kuisoma kalamu yenyewe. Basil Mramba na Daniel Yona, waliopata kuwa mawaziri wa fedha na wa nishati na madini, walishitakiwa mwaka 2008 kuhusu msamaha wa kodi uliotolewa kwa kampuni ya Alex Stewart, iliyoajiriwa kukagua dhahabu yetu. Hasara iliyotajwa ilikuwa shilingi bilioni 11.7. Julai 2015 mahakama ya Kisutu iliwatia hatiani kwa kutumia vibaya madaraka na kuisababishia serikali hasara, ikawapa miaka 3. Gray Mgonja, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Hazina, aliachiwa huru. Hapa kwa mara moja ngazi iligeuka: mawaziri wakaingia na mtendaji wao akatoka. Mahakama Kuu ikapunguza kifungo kuwa miaka 2, na Februari 2016 wakaruhusiwa kumalizia nje kwa kazi za jamii, wakifanya usafi katika hospitali ya Palestina, Sinza.

Watu wengi walicheka picha ya mawaziri wa zamani wakishika fagio. Mimi sikucheka. Mzee kufagia hospitali ya umma ni adhabu yenye maana kuliko kumlisha gerezani. Kilichonishughulisha ni mizani. Kwa Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 31, anayetumia vibaya madaraka ili ajinufaishe au amnufaishe mwingine anakabiliwa na faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Katika Kanuni ya Adhabu mwizi wa ng'ombe anaweza kufungwa hadi miaka 15. Wilaya ya Kilosa ina wafugaji na wakulima, na ng'ombe mmoja aliyeibwa ameshatuletea maafa makubwa, kwa hiyo sisemi wizi wa ng'ombe ni jambo dogo. Nasema tu kwamba sheria inayompa mwiba wa miaka 15 aliyechukua ndama, na wa miaka 3 aliyetumia vibaya dhamana ya taifa, inatueleza waliomo akilini mwa mtungaji ni nani.

Huenda msomaji akauliza kama wenzetu wa nchi nyingine wamefanya vizuri zaidi. Jibu langu ni kwamba wamekwama mahali pale pale, kwa njia tofauti.

Wafaransa walipogundua kwamba wagonjwa walikuwa wamepewa damu yenye virusi vya UKIMWI katika miaka ya 1980, waliunda mwaka 1993 mahakama maalumu ya kuwahukumu mawaziri kwa makosa ya kazini. Mwaka 1999 Laurent Fabius, aliyekuwa waziri mkuu, aliachiwa huru pamoja na waziri mwingine. Wa tatu, Edmond Hervé, alipatikana na hatia lakini hakupewa adhabu. Desemba 2016 mahakama hiyo hiyo ilimtia hatiani Christine Lagarde kwa uzembe alipokuwa waziri wa fedha, nayo haikumpa adhabu yoyote. Wamejenga jumba la kuwahukumu wakubwa, na ndani yake wengi wa majaji ni wabunge, yaani wakubwa wenzao. Matokeo yake ni hatia isiyouma.

Huko The Hague wamejaribu njia nyingine. Mkataba wa Roma, kifungu cha 28, unamwajibisha kamanda kwa makosa ya askari wake kama alijua au alipaswa kujua, na hakuzuia wala kuadhibu. Kwa njia hiyo Jean-Pierre Bemba wa Kongo alihukumiwa miaka 18 mwaka 2016 kwa yale askari wake waliyofanya Jamhuri ya Afrika ya Kati. Mwaka 2018 rufaa ikamwachia, majaji walio wengi wakiona kwamba alihukumiwa bila kupimwa vya kutosha aliweza kufanya nini akiwa mbali. Uamuzi huo uliwauma walioteswa, lakini una funzo: kumfunga mkubwa kwa sababu tu ni mkubwa ni uonevu ule ule niliomfanyia kijana, umegeuzwa juu chini.

Na juu ya ngazi yote yuko rais. Ibara ya 46 ya Katiba yetu inazuia rais kushitakiwa kwa jinai akiwa madarakani, na hata akiondoka inamkinga kwa yale aliyofanya kama rais, isipokuwa aliyeondolewa na Bunge kwa mashitaka. Wakenya, katika Katiba yao ya mwaka 2010, ibara ya 143, wamechagua vinginevyo: kinga ni ya muda wa madaraka tu, muda wa kufungua kesi husimama ukimsubiri, na kinga hiyo haifuniki makosa ya kimataifa yaliyomo katika mikataba waliyoridhia. Marekani, ambayo wengi wetu tulifundishwa kwamba huko hakuna aliye juu ya sheria, Mahakama yake ya Juu ilitamka Julai 2024 kwamba rais mstaafu ana kinga ya jinai kwa matendo ya kikazi, kamili kwa yale ya msingi wa mamlaka yake. Kati ya hizo tatu mimi nachagua ya Kenya. Ngao ya kazi iondoke na kazi.

Najua hoja ya upande wa pili, maana nimeisikia kwa watumishi waaminifu. Wanasema: mkimtishia gereza kila anayetia saini, hakuna atakayetia saini. Daraja halitajengwa, dawa hazitanunuliwa, kila faili litazungushwa meza kwa meza mpaka likutane na vumbi. Hoja hiyo ina uzito. Kwa hiyo sidai kwamba kila kosa la mkubwa liwe jinai. Nadai ngazi tatu zipimwe kila moja kwa kipimo chake. Aliyeamuru uonevu ni mkosaji sawa na aliyetenda, na kwa maoni yangu zaidi. Aliyejua na akanyamaza, akiwa na uwezo wa kuzuia, naye ni mkosaji. Ambaye hakujua ila angejua kama angefanya kazi yake, huyo avuliwe cheo, kama Mwinyi alivyojivua, wala asihamishiwe tarafa nyingine kwenda kuwatesa wengine. Mtumishi mwaminifu hana la kuogopa katika ngazi hizo, kwa kuwa hakuna inayomwadhibu kwa bahati mbaya.

Kwa kipimo hicho narudi kwenye kesi yetu ya 1994. Kijana alistahili adhabu. Mkono wa mkulima ulivunjika kweli, na amri haramu haimtakasi anayeitii. Lakini maneno "atakayerudi mikono mitupu asirudi kabisa" yalikuwa amri, na kila aliyekuwa katika baraza lile alizijua njia za ukusanyaji kodi. Mkulima mwenyewe alizijua. Nilikuwa na haki ya kumwuliza shahidi swali moja zaidi, na haki ya kukataa kutia kidole mpaka mtuma-watu aitwe. Pengine wenzangu wawili wangenishinda kwa kura. Ingebaki angalau katika jalada kwamba mzee mmoja aliuliza.

Yule kijana sasa ni mtu mzima mwenye wajukuu. Tunapokutana njiani huniamkia kama zamani, na hajarudia swali lake. Ni mimi ninayelirudia. Kama ningempa jibu leo ningesema: hatukumpangia gereza lolote, kwa sababu hatukumtafuta, na hatukumtafuta kwa sababu wewe ulikuwa karibu.